Franche-Comté: Mkoa wa Ufaransa Uliokuzwa na Maziwa ya Pamoja

Jibini moja ya Comté ina uzito wa kilo 40 hivi, na kwa umbo yafanana na jiwe la kusagia. Ili kuitengeneza zahitajika lita 400 za maziwa kwa mara moja. Mkulima wa zamani katika milima ya Jura alikuwa na ng'ombe watatu au wanne. Mwenye kumi alihesabiwa kuwa mtu wa mali. Katibu yeyote wa chama aweza kuifanya hesabu hiyo nyuma ya stakabadhi, naye ataona mara moja kwamba mkulima wa namna hiyo asingeweza kuipata jibini hata moja kwa ng'ombe wake peke yake. Ama aungane na jirani zake, ama maziwa yamchachie nyumbani.

Jambo hilo moja laeleza habari za mkoa wa Franche-Comté kuliko vitabu vingi wanavyouziwa watalii. Somo hili litautazama mkoa huo kwa nchi yake, uchumi wake na wageni wanaoutembelea. Mambo hayo matatu hayatapewa nafasi sawa. Sehemu kubwa itahusu uchumi, na hasa maziwa, kwa kuwa humo ndimo mwanaushirika atakapokuta mambo yanayofanana na kazi yake ya kila siku: mizani, daraja la zao, malipo, na mwanachama anayetaka kupeleka zaidi ya wenzake.

NCHI NA TABIA YAKE

Franche-Comté iko mashariki ya Ufaransa, mpakani mwa Uswisi. Eneo lake ni kilometa za mraba 16,200 hivi, na wakazi wake wapata milioni moja na laki mbili. Imegawanyika katika wilaya nne: Doubs, Jura, Haute-Saône, na Territoire de Belfort ambayo ni ndogo sana. Mji wake mkuu wa kihistoria ni Besançon. Kwa muda mrefu nchi hii ilikuwa chini ya wafalme wa Hispania, mpaka majeshi ya Louis wa 14 yalipoiteka, na mkataba wa Nijmegen wa mwaka 1678 ukaithibitisha kuwa ya Ufaransa. Tarehe 1 Januari 2016 serikali iliuunganisha mkoa huo na jirani yake Bourgogne, ukazaliwa mkoa mmoja wa Bourgogne-Franche-Comté wenye makao ya serikali mjini Dijon. Kisheria, basi, Franche-Comté si mkoa unaojitegemea tena. Hata hivyo wenyeji bado hujitambulisha kwa jina la zamani, na jibini yao yaendelea kuuzwa kwa jina hilo duniani kote.

Msafiri aingiaye kutoka magharibi hupanda kama apandaye ngazi. Kwanza hukuta bonde la mto Saône, nchi tambarare ya nafaka. Kisha huja vilima vyenye mashamba ya mizabibu, karibu na miji ya Arbois na Poligny. Juu ya vilima kuna nyanda za malisho, na juu ya nyanda hizo kuna safu za milima ya Jura, ambayo ndani ya mkoa hufikia meta 1,495 katika kilele cha Crêt Pela. Upande wa kaskazini huanza milima mingine, Vosges, na kati ya Vosges na Jura kuna mwanya wa Belfort, ambao tangu kale umekuwa njia ya wafanyabiashara, majeshi na reli.

Baridi ya nyanda za juu ni kali. Katika kijiji cha Mouthe, tarehe 13 Januari 1968, kipimajoto kilishuka hadi digrii 36.7 chini ya sifuri. Theluji hufunika ardhi miezi kadhaa, na ng'ombe hufungiwa zizini wakila majani makavu yaliyokatwa wakati wa joto. Nafaka haistawi huko juu. Kinachostawi ni nyasi, na miti ya jamii ya misonobari. Misitu yafunika zaidi ya asilimia 40 ya mkoa mzima. Kwa nchi ya namna hiyo swali lilikuwa moja tangu zamani: je, maziwa mengi ya miezi ya joto yatahifadhiwaje hata yailishe familia wakati wa theluji, na yapate kusafirishwa mpaka sokoni bila kuharibika? Jibu lilikuwa jibini kubwa, ngumu, yenye kukaa muda mrefu. Kubwa, kwa sababu iliyo ndogo hukauka upesi.

Kuna jambo jingine la ardhi ambalo msomaji aliweke akilini, kwa maana litarudi mbele. Milima ya Jura ni ya mawe ya chokaa, nayo imejaa nyufa na mapango. Mvua inyeshayo haitiririki juu kwa muda mrefu. Huzama, ikaibukia mahali pengine. Agosti 1901 kiwanda cha pombe cha Pernod katika mji wa Pontarlier kiliungua kwa radi, na wafanyakazi wakafungulia matangi ili moto usizidi. Pombe nyingi ikamwagikia mto Doubs. Baada ya siku chache chemchemi ya mto Loue, iliyoko mbali na hapo, katika bonde jingine kabisa, ikaanza kunuka pombe ile ile. Ndivyo watu walivyotambua kwamba Loue hunywa maji ya Doubs chini ya ardhi. Baadaye, mwaka 1910, wataalamu walitia rangi majini wakathibitisha.

CHAMA CHA MAZIWA KIITWACHO FRUITIÈRE

Chama cha kijiji kinachokusanya maziwa na kutengeneza jibini huitwa fruitière. Jina hilo latokana na neno lenye maana ya tunda, yaani tunda la kazi lililowekwa mahali pamoja. Hati za karne ya 13 zataja jibini kubwa za namna hiyo katika vijiji vya Déservillers na Levier, na watu wa mkoa hupenda kukumbusha kwamba ushirika wao una umri wa karne nyingi kuliko duka la Rochdale lililofunguliwa mwaka 1844. Dai hilo lapaswa kupokewa kwa kiasi. Vyama vya mwanzo havikuwa na katiba, wala hisa, wala mkutano mkuu kama tuvijuavyo leo. Vilikuwa mapatano ya jirani na jirani. Lakini kiini cha ushirika kilikuwamo: hesabu ya kila mtu iliandikwa, na hesabu hiyo ilikuwa wazi kwa wote.

Namna ya kuweka hesabu ndiyo yenye mafunzo. Katika utaratibu wa zamani, wanachama walikuwa kama watu wanaokopeshana maziwa. Kila asubuhi na jioni fundi alipima maziwa ya kila mmoja, akaweka alama kwenye kipande cha mti, na baadaye katika kijitabu. Jibini iliyotengenezwa siku ile haikuwa ya wote. Ilikuwa ya yule ambaye wenzake walimwia deni kubwa kuliko wengine. Mtu huyo ndiye aliyeleta kuni za siku hiyo na kumlisha fundi, naye aliondoka akiwa na jibini yake. Kesho yake ilikuwa zamu ya mwingine. Mwenye ng'ombe mmoja alisubiri muda mrefu, lakini zamu yake ilifika. Mwenye kumi alipata mara nyingi, lakini hakupata kabla ya deni lake kutimia.

Utaratibu huo ulikuwa na dosari iliyoonekana wazi biashara ilipopanuka. Kila mwenye jibini aliuza peke yake, na mchuuzi mjanja aliweza kuwapitia mmoja mmoja na kumlipa kila mtu bei tofauti. Katika karne ya 19 vyama vingi viliacha kijitabu cha zamu, vikashika daftari moja kubwa: maziwa yote mali ya chama, jibini zote huuzwa kwa pamoja, na fedha hugawanywa kwa kadiri ya maziwa ya kila mmoja. Hatua hiyo, kutoka kuzalisha pamoja hadi kuuza pamoja, haikuwa rahisi. Mkulima aliyezoea kuiona jibini yake mwenyewe ghalani alitakiwa sasa kuiamini karatasi.

Imani ndiyo iliyokuwa mtaji mkubwa wa fruitière, na ilikuwa rahisi kuipoteza. Mtu mmoja akitia maji katika maziwa yake, huwaibia wote. Akileta maziwa machafu, huharibu jibini nzima, tena hasara haijulikani siku hiyo. Hujitokeza baada ya miezi, jibini ikivimba na kupasuka ghalani, wakati ambapo hapana tena awezaye kusema ni ndoo ya nani. Kwa sababu hiyo kanuni za vyama zilikuwa kali, zenye faini kwa aliyetia maji na kufukuzwa kwa aliyerudia kosa. Mwishoni mwa karne ya 19 elimu ikaja kusaidia kanuni: shule za ufundi wa maziwa zilifunguliwa Mamirolle mwaka 1888 na Poligny mwaka 1889, nazo zaendelea kuwafunza mafundi hadi leo.

Sifa za vyama hivyo zilivuka mipaka ya milima. Charles Fourier, aliyezaliwa Besançon mwaka 1772 na kuandika sana juu ya jamii za watu wanaofanya kazi kwa pamoja, alizitoa fruitière kuwa mfano. Victor Hugo naye, mzaliwa wa mji huo huo mwaka 1802, katika riwaya yake Les Misérables ya mwaka 1862 anamfanya askofu amweleze Jean Valjean, mfungwa aliyetoka kifungoni, jinsi wakulima wa Pontarlier wanavyoleta maziwa yao pamoja. Ni nadra kwa chama cha msingi kuingia katika riwaya kubwa namna hiyo.

KANUNI ZINAZOMFUNGA KILA MTU

Jina la Comté lililindwa kisheria mwaka 1958. Tangu hapo jibini isiyotoka katika eneo lililowekewa mipaka, hasa wilaya za Doubs na Jura pamoja na sehemu ya wilaya jirani ya Ain, haiwezi kuitwa Comté. Lakini sheria ya jina isingetosha. Kilicholeta manufaa ni masharti ambayo wakulima, mafundi na wafanyabiashara walikubali kujiwekea wenyewe, kwa kupitia kamati yao ya pamoja iliyoundwa mwaka 1963.

Masharti hayo yafaa yasomwe polepole. Ng'ombe wawe wa aina mbili tu, Montbéliarde au Simmental ya Kifaransa. Kila ng'ombe awe na walau hekta moja ya nyasi. Asilishwe majani yaliyovundikwa, kwa kuwa humo mna vijidudu vinavyostahimili joto na kuipasua jibini ikiwa ghalani. Maziwa yasipikwe kabla ya kugandishwa, na jibini itengenezwe kabla ya saa 24 kupita tangu kukamua, katika sufuria za shaba nyekundu. Kila kiwanda kikusanye maziwa yake ndani ya duara lenye kipenyo cha kilometa 25 tu. Jibini ikomazwe juu ya mbao za msonobari kwa siku 120 au zaidi. Mashine za kukamua zisizosimamiwa na mtu, ambazo zimeenea sana Ulaya, zimekatazwa.

Mtu wa nje ataona kwamba karibu kila sharti laongeza gharama. Ni kweli. Sharti la kilometa 25 lawazuia matajiri wasijenge kiwanda kimoja kikubwa cha kukusanya maziwa ya mkoa mzima. Kwa sababu ya sharti hilo viwanda 140 hivi vingali vikifanya kazi vijijini, na sehemu kubwa ni vya wakulima wenyewe kwa njia ya ushirika. Sharti la maziwa mabichi na la saa 24 lamfunga fundi afanye kazi kila siku. Sharti la hekta moja lamfunga mkulima asizidishe ng'ombe kupita uwezo wa ardhi. Hapana mmoja anayepata ahueni peke yake, na hapo ndipo penye nguvu ya mapatano hayo.

Thamani ya masharti yaonekana kwa kulinganisha na jibini nyingine iliyokuwa ikitengenezwa katika milima hiyo hiyo, yaani Emmental, ile yenye matundu makubwa. Jina lake halikulindwa kwa namna hiyo. Katika nusu ya pili ya karne ya 20 viwanda vikubwa vya magharibi ya Ufaransa, hasa Bretagne, vilianza kuitengeneza kwa maziwa yaliyopashwa moto kuua vijidudu, ya ng'ombe waliolishwa majani ya kuvundikwa, kwa wingi na kwa bei ndogo. Mkulima wa mlimani hakuweza kushindana kwa bei. Biashara ya Emmental ikamtoka mkononi, na jibini iliyobaki kuwa tegemeo lake ni ile iliyowekewa masharti magumu.

Leo eneo la Comté lina mashamba 2,400 hivi, na hutoa zaidi ya tani 60,000 za jibini kwa mwaka. Mkulima wake kwa kawaida hulipwa bei nzuri kwa lita kuliko mkulima wa bonde anayeuza maziwa kwa kiwanda cha kawaida.

BEI, DARAJA NA KIASI

Fruitière nyingi haziiuzi jibini iliyokomaa. Baada ya wiki chache huipeleka kwa mwivishaji, mfanyabiashara mwenye maghala ya kuikomaza kwa miezi mingi. Mmojawapo wa maghala hayo ni ngome ya kijeshi ya Saint-Antoine, iliyojengwa baada ya vita vya mwaka 1870 na kuzikwa nusu chini ya udongo. Tangu mwaka 1966 kuta zake nene zimetunza jibini badala ya mizinga. Hapo kati ya chama na mwivishaji ndipo mahali ambapo, katika nchi nyingi, mkulima hupoteza haki yake. Yeye huuza zao changa lisilojulikana ubora wake, na mnunuzi ndiye ajuaye litauzwa kiasi gani mwisho wa safari.

Njia iliyopatikana Franche-Comté ni hii. Waivishaji wote hutoa taarifa ya bei waliyouzia jibini iliyokomaa. Wastani wa bei hizo huhesabiwa, na bei anayolipwa mkulima hutokana na wastani huo kwa mkataba uliokwisha kukubaliwa. Kwa hiyo bei ya dukani ikipanda, bei ya maziwa kijijini hupanda nayo. Ikishuka, wote hushuka. Mwivishaji hawezi kusema soko ni baya huku akiuza vizuri, kwani takwimu zake mwenyewe zitamsuta.

Ubora nao hupimwa jibini moja moja. Kila moja hupewa alama kati ya 20 kwa umbo, ganda, mwili na ladha. Inayopata zaidi ya 14 hufungwa mkanda wa kijani. Yenye alama kati ya 12 na 14, mkanda wa kahawia. Na isiyofika 12 hunyang'anywa jina, ikaishia kuuzwa kwa kusagwa au kuyeyushwa. Wanachama wa vyama vya kahawa, waliozoea kuona gunia moja likipangwa daraja la juu na jingine la chini, hawatashangaa. Tofauti ni kwamba huko mkulima husoma matokeo ya ghalani pamoja na fundi wake, naye fundi hujua kwamba alama mbaya ya mwezi huu yamhusu.

Jambo gumu kupita yote ni kiasi. Kila jibini hubandikwa kibandiko cha kijani chenye namba, ambacho hutolewa na kamati ya pamoja tu, na idadi ya vibandiko huwekewa kikomo kila mwaka kwa kila chama. Mwaka 2012 sheria ya Jumuiya ya Ulaya iliruhusu waziwazi utaratibu wa namna hiyo kwa jibini zenye jina lililolindwa. Maana yake ni kwamba mkulima aliye na nyasi, ng'ombe na nguvu za kuzalisha zaidi huambiwa asubiri. Vijana walioingia kwa mikopo mikubwa hulalamika, na malalamiko yao si ya kupuuzwa. Wazee hujibu kwa kuelekeza kidole upande wa Emmental.

Mafanikio nayo yana hatari zake. Bei nzuri ya maziwa hupandisha bei ya shamba lenye haki ya kupeleka maziwa hayo, na kijana asiye na shamba la urithi hupata shida kuingia. Tena yale mawe ya chokaa yaliyotajwa mwanzoni hayachuji kitu. Mbolea ya zizi ikimwagwa kupita kiasi kwenye malisho hushuka moja kwa moja hadi mitoni. Mwaka 2010 samaki wengi walikufa katika mto Loue, ambao ni mashuhuri kwa wavuvi wa Ulaya nzima. Wataalamu waliona sababu zaidi ya moja, yakiwamo maji machafu ya miji, dawa zinazotiwa kwenye magogo, na kuongezeka kwa joto la maji. Lakini ufugaji hauwezi kujitoa lawamani. Jibini inayouzwa kwa picha ya mto safi haiwezi kudumu kando ya mto mchafu, na vyama vimelazimika kulizungumza jambo hilo katika mikutano yao.

KAZI NYINGINE ZA MKOA

Majira marefu ya theluji yalimwachia mkulima mikono mitupu, naye akaitafutia kazi. Katika nyumba za mlimani watu walichonga vitu vya mbao, wakakata vioo vya miwani huko Morez, wakaunda vipande vya saa. Kazi ya saa ilikua hata Besançon ikawa mji mkuu wa saa wa Ufaransa. Huko ndiko yalikotokea mambo ya kiwanda cha LIP. Mwaka 1973, wafanyakazi walipopata habari kwamba wengi wao wangeachishwa, walikikalia kiwanda, wakaendelea kuunda saa, wakaziuza wenyewe kwa wananchi na kujilipa mishahara kutokana na mauzo. Polisi waliwatoa mwezi Agosti. Septemba 29 watu wapatao laki moja waliandamana mjini humo kuwaunga mkono. Mapatano yalifikiwa Januari 1974, lakini kampuni iliyoundwa haikudumu, na baadaye baadhi ya wafanyakazi wakaanzisha vyama vidogo vya ushirika vya uzalishaji. Walikuwa na ufundi na walikuwa na mapenzi ya watu. Hawakuwa na mtaji wala soko la kudumu.

Mfano usiojulikana sana, ingawa kwa mwanaushirika pengine ndio wenye maana zaidi, ni wa Saint-Claude, mji wa mafundi wa viko. Mwaka 1881 wafanyakazi wa huko walianzisha duka la ushirika liitwalo La Fraternelle. Mwanzoni waligawana ziada kwa kadiri ya manunuzi, kama watu wa Rochdale. Kabla ya karne kwisha waliamua kinyume: ziada isigawanywe kwa mtu mmoja mmoja, bali iingie katika mifuko ya kuwasaidia wagonjwa na wazee na katika mambo ya elimu. Mwaka 1910 walifungua Nyumba ya Watu yenye ukumbi wa michezo ya kuigiza, mkahawa na kiwanda cha chapa. Jengo hilo lingalipo, nalo leo ni nyumba ya utamaduni.

Kwa wingi wa ajira, hata hivyo, hakuna kilichofikia magari ya Peugeot huko Sochaux, karibu na Montbéliard, ambako kiwanda kilianza mwaka 1912 na mwishoni mwa miaka ya 1970 kilikuwa na wafanyakazi wapatao 40,000. Idadi hiyo imepungua sana. Belfort huunda vichwa vya treni za mwendo wa kasi. Na watu wengi wa mpakani huvuka kila asubuhi kwenda kufanya kazi Uswisi, ambako mishahara ni mikubwa. Jambo ambalo huleta fedha vijijini na wakati huo huo huvinyima vyama mafundi.

WAGENI

Utalii wa Franche-Comté si wa makundi makubwa. Mji wa Besançon umezungukwa na kitanzi cha mto Doubs, na juu ya mwamba pana ngome iliyojengwa na Vauban, iliyoingizwa mwaka 2008 katika orodha ya UNESCO ya urithi wa dunia. Belfort ina simba mkubwa wa mawe aliyechongwa na Bartholdi, ukumbusho wa mji huo kustahimili kuzingirwa katika vita vya 1870 na 1871. Huko Ronchamp kuna kanisa la kilimani lililojengwa na Le Corbusier mwaka 1955, ambalo hata wasiosali hulijia kutoka mbali.

Mahali panapoeleza uchumi wa zamani kuliko pote ni kiwanda cha chumvi cha Arc-et-Senans, kilichojengwa na Claude-Nicolas Ledoux kati ya mwaka 1775 na 1779. Maji ya chumvi yalichimbwa Salins, lakini kuni za kuyachemsha zilikuwa zimepungua huko. Basi badala ya kupeleka kuni kwenye chumvi, serikali ilipeleka chumvi kwenye kuni: maji yalitiririshwa kilometa 21 ndani ya mabomba ya magogo hadi kando ya msitu wa Chaux. Bila chumvi hakuna jibini, na bila msitu hakuna chumvi. Kazi ilisimama mwaka 1895, na tangu 1982 majengo hayo ni urithi wa dunia.

Milimani wageni walikuja zaidi kwa ajili ya theluji, hasa Les Rousses na Métabief. Sasa theluji yapungua, na Métabief imekwisha kuanza kupanga namna ya kuacha mchezo wa kuteleza kwenye miteremko badala ya kungoja ifilisike. Hapo ndipo vyama vya maziwa vilipopata nafasi mpya. Fruitière nyingi zimeweka dirisha kubwa la kioo ili mgeni amwone fundi akiinua jibini kutoka sufuriani, na kando ya dirisha kuna duka. Poligny ina nyumba ya maonyesho ya Comté. Dukani humo pia huuzwa Mont d'Or, jibini ndogo iliyofungwa ganda la mti, ambayo hutengenezwa kuanzia Agosti 15 hadi Machi 15, kwa kuwa zamani maziwa ya wakati wa baridi hayakutosha jibini kubwa. Faida ya duka huingia katika hesabu ya chama. Mgeni aliyeonja kijijini huitafuta jibini hiyo akirudi kwao, na bei atakayolipa huko huingia katika ule wastani uliokwisha kuelezwa.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA KIKUNDI

Je, katika zao la chama chenu kuna hatua ambayo mkulima mmoja peke yake hawezi kuifanya? Je, chama ndicho kinachoifanya, au ni mnunuzi?

Mwanachama anauza zao changa, naye mnunuzi analiuza likiwa limekomaa. Chama chaweza kupata habari gani za bei ya mwisho, na kwa mkataba wa namna gani?

La Fraternelle ilikataa kugawa ziada kwa mtu mmoja mmoja. Wanachama wenu wangeamuaje, na kwa sababu gani?

Kijana mwenye mkopo ataka kupeleka maziwa mara mbili ya kiasi alichopangiwa. Halmashauri imjibu nini, na mzee aliyepangiwa kiasi kikubwa tangu zamani aombwe nini?